Punje Tatu za Mama

Kuna mlio ambao nikiusikia hadi leo naacha chochote nilichoshika mkononi. Ni mlio mdogo tu. Tak! Punje ya mtama uliokauka sawasawa ikipasuliwa na jino. Wengine wafu wao huwajia ndotoni na maneno, wanawaagiza hiki na kile, wanawalaumu. Mama yangu hana neno. Anauma mtama. Alfajiri, kabla mwadhini wa Garsen hajasafisha koo kwenye kipaza sauti, nasikia tak ya kwanza, halafu tak ya pili, halafu kimya. Ni hicho kimya kinachonitoa usingizini. Nalala macho wazi nikingoja ya tatu, na ya tatu haiji.

Jirani yangu mwenye duka la dawa za mifugo aliniambia ni mabati. Mabati yakipoa hulia, alisema, hata kwangu hulia. Nikamwambia mabati yangu hayana meno. Akanitazama kwa huruma, na mimi kitu ambacho sikitaki duniani ni kutazamwa kwa huruma, kwa hiyo sikumsalimia wiki nzima. Ndivyo nilivyo. Hasira zangu ziko karibu, na mara nyingi zinamfikia asiyehusika.

Kazi yangu ni mtama. Niliajiriwa na mradi wa utafiti kama msaidizi wa nyanjani, na ofisi yetu ni vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka la huyo jirani, kwa hiyo harufu ya dawa ya kupe ndiyo marashi yetu. Tunafuatilia mtama, wimbi na mawele kutoka shambani mpaka sufuriani. Punje zina ubora gani, zina sumu au hazina, unga wake unafaa ugali tu au unaweza pia kutengenezwa mikate na biskuti za watoto wa shule. Mimi hupita nyumba kwa nyumba. Napima unyevu wa nafaka, nachota nusu kilo, natia kwenye bahasha ya kaki, naandika namba, naaga.

Tunachokiwinda kuliko vyote ni sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu nafaka ikifungiwa na maji ndani yake. Haina rangi ya kuaminika. Haifi kwa kupikwa, haitoki kwa kuoshwa, na inakula ini la mtu. Hayo nimeyasema kwenye mabaraza mpaka mate yakanikauka. Mama yangu alikuwa akihudhuria mabaraza yale yote, anakaa mbele kabisa, leso imekunjwa vizuri mapajani, na nikimaliza anapiga makofi kwanza kabla ya watu wote. Nilikuwa naona haya. Nilimwambia siku moja, "Mama, hili si kanisa." Akasema, "Na mimi sipigii Mungu makofi, nampigia mtoto wangu."

Mama aliishi ng'ambo ya mto, karibu na Ngao, kwenye nyumba aliyoachiwa na baba, na shamba lake lilishuka mpaka ukingoni mwa mto. Neno sumukuvu hakulijua mpaka nilipomletea. Yeye alijua kuuma. Nyumbani kwetu mtama haukuhifadhiwa kabla ya kuumwa. Asubuhi, kabla ya chai, kabla hata ya kusukutua, mama alichukua punje tatu: moja ya juu ya lundo, moja ya katikati, na moja ya chini kabisa, ile iliyolalia jamvi. Alizitia mdomoni moja moja, jino la nyuma. Ikipasuka tak, imesema. Ikibonyea kimya, haijasema, na lundo zima linarudi juani hata kama ni ile moja tu. Hakukuwa na cha mbili kwa moja. Baba aliwahi kumwambia wingu limekaribia, mtama umetosha, uingizwe. Mama akamjibu, "Meno ni yangu, lakini tumbo ni letu sote." Baba akashika ungo.

Mtama wa mbegu, na ule wa kula wakati wa kiangazi, hakuupura. Aliutundika na masuke yake juu ya meko, kwenye uchaga, ukala moshi mpaka ukawa mweusi. Uji wake ulikuwa na harufu ya moshi. Nilikua na harufu hiyo mwilini, na nilipoenda chuoni msichana mmoja wa bweni akaniuliza kama kwetu kumeungua. Tangu siku hiyo niliuonea aibu ule uchaga. Nasema wazi, kwa sababu aibu hiyo ina mkono wake katika yaliyotokea.

Mwaka ninaousimulia mto ulipanda. Walioko huku wanajua maana yake. Migomba ilisimama majini mpaka shingoni, mahindi yakaoza yamesimama, na mtama uliosalia kwenye mashamba ya juu tulikuwa tunaugombania na ndege, makundi ya kweleakwelea. Tulivuna kwa pupa. Jua lilikuwa linatoka kwa saa mbili tatu, linajificha, mvua inarudi. Na katikati ya purukushani hiyo, ofisini ikafika shehena ya mifuko isiyopitisha hewa, na habari kwamba wageni wa mradi wanakuja kuona jinsi inavyotumika. Inatakiwa nyumba ya mfano. Nikasema iwe ya mama yangu.

Mfuko wenyewe ni mzuri, nisiusingizie. Mtama mkavu ukifungwa humo unakaa mwaka mzima bila mdudu. Lakini mtama wenye unyevu ukifungwa humo, umeutengenezea ukungu nyumba. Hilo nalo nilikuwa nalijua. Nilikuwa nalifundisha.

Siku ya wageni nilifika mapema, nikakuta mtama umeanikwa juu ya turubai uani, lundo nene kwa sababu uwanja mwingine wote ulikuwa tope. Nilisubiri jua likapanda. Wageni walipofika na viatu vyao vya mpira, nikachota mtama kiganja kimoja, nikautia kwenye kipima unyevu, nikawaonyesha namba. Namba nzuri kabisa. Wakapiga picha namba, wakapiga picha turubai, halafu nikawaingiza jikoni nikawaonyesha uchaga wa mama, masuke meusi yananing'inia na masizi. Nikawaambia, "Hivi ndivyo tulivyokuwa tukihifadhi zamani." Zamani! Na mwenye uchaga amesimama hapo hapo mlangoni.

Tuliporudi uani, mama alikuwa amechuchumaa pembeni ya turubai. Akaingiza mkono chini ya lundo mpaka kwenye kiwiko. Nilijua anachofanya na uso ukanipata moto. Akauma ya kwanza. Tak. Akauma ya pili. Tak. Akauma ya tatu. Kimya.

"Bado," akasema.

"Mama, kipimo kimesema umekauka."

"Kipimo kimeuma ya juu. Ya chini bado."

Wageni wakawa wanatazamana, mmoja akamuuliza mwenzake mama anasema nini. Na mimi, badala ya kuingiza kile kikombe cha kipimo chini ya lundo, kazi ya dakika moja, nikatafuta kicheko. Nikasema kwa sauti, "Mbili kati ya tatu, Mama! Hata darasani hiyo ni kufaulu." Wakacheka wote. Mgeni mmoja alinigonga bega.

Mama hakucheka. Aliitema ile punje ya tatu kiganjani, akaitazama kidogo, kisha akaifunga kwenye pindo la leso yake, fundo dogo kama wanawake wa kwetu wanavyofunga shilingi ya sadaka. Akasimama akishika goti.

"Haya mwanangu," alisema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Alinishikia mfuko mdomo wakati nikimimina. Mimi mwenyewe nikaukamua hewa, nikausokota, nikaufunga kamba, nikaandika namba. Na kwa kuwa wageni walifurahi, wiki ile ile nilifunga mifuko katika nyumba nyingine kumi na moja za kijiji, na kote huko nilipima vile vile: kiganja kimoja cha juu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tunavyowaambia watoto. Mimi guu langu halikuvunjika. Na hilo ndilo linaloniudhi.

Watoto wangu wawili walikuwa wakiishi na mama, kwa sababu Garsen nimepanga chumba kimoja na kazi yangu ni ya kuzurura. Nilikuwa nakwenda kila mwisho wa mwezi. Kiangazi kilipoanza kuuma nilimwona mama amepungua nikasema ni njaa ya mwaka mbaya, kila mtu amepungua. Mwezi uliofuata nikapigiwa simu kwamba amelala siku ya tatu hali kitu. Nilipomkuta kitandani na kumvuta kope, macho yalikuwa ya manjano. Tumbo limejaa, miguu imekonda. Nimesoma kuhusu hali ile. Nina picha yake kwenye karatasi ninazobandika ukutani siku za baraza.

Tulimpeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole, alimshika mama kama yai, akabonyeza ubavuni, akaniambia ni ini. Halafu akaniuliza, na wala hakuwa akinituhumu, anauliza tu kama inavyopaswa: "Huyu mama amekuwa akila nini miezi hii?"

Katika chumba kile hakuna aliyelijua jibu kuliko mimi. Hakuna, haki ya Mungu. Nikasema, "Chakula cha kawaida tu, daktari."

Mama akageuza shingo juu ya mto akanitazama kwa yale macho ya manjano. Nilidhani atasema. Hakusema. Daktari akaandika, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nilimuuliza baadaye muuguzi, kwa kuzungukazunguka, kama kuna dawa ya ini lililofika pale. Akanieleza kwa upole kwamba ini likifika pale wanamtunza tu mtu asiumie. Kwa hiyo nilijiambia jibu langu halikubadilisha kitu. Huenda ni kweli. Lakini sikuwa najua hivyo nilipolitoa.

Siku ya pili jioni mama alinishika mkono akauliza, "Zile nyumba nyingine umezipitia?"

"Zipi, Mama?"

"Ulizofunga mifuko."

"Nitapitia. Wewe pumzika."

"Usikawie," alisema. Nikadhani ni homa, ameanza kuchanganya mambo ya kazi yangu na ya kwake. Alfajiri ya siku ya tatu akafariki, na mimi nilikuwa nimesinzia kwenye kiti.

Tulimzika Ngao. Wanawake wa kanisa waliimba vizuri, wakapika, wakatutunza. Siku ya kugawa vitu vyake nilipewa leso ile, na nilipoikunja vidole vyangu vikakuta fundo kwenye pindo. Nikalifungua. Ndani kulikuwa na punje moja ya mtama, imevaa manyoya ya kijani kama kitu kilicho hai. Nikapiga ukelele, wakaja mbio wakidhani nge. Nikasema ndiyo, nge.

Waliporudi jikoni nikaingia peke yangu kwenye chumba cha akiba. Mfuko ulikuwa umefunguliwa na kufungwa tena kwa fundo la mama, na umebaki chini ya nusu. Niliisikia kabla ya kuuona mfuko, ile harufu ya kitu kilicholala kwenye maji. Nikatia mkono ndani na mtama ulikuwa na joto. Mazoea ni kitu cha ajabu: nikachota nusu kilo, nikatia kwenye bahasha ya kaki niliyokuwa nayo mkobani, nikaandika namba. Uliobaki nikauchimbia shimo nyuma ya choo. Kisha nikanawa mikono, nikaenda kuwashukuru wageni wa msiba.

Nilirudi Garsen na watoto wangu na bahasha ile. Bahasha nikaitia kwenye droo ya ofisini nikafunga. Na usiku wa kwanza ule ule, karibu na adhana, ndipo mlio ulipoanza. Tak. Tak. Kimya.

Mtu akitaka kujidanganya hakosi hoja, na mimi nilikuwa nayo moja nzito. Watoto. Wote wawili walikula nyumba ile ile, meko yale yale, miezi ile ile, na wote wazima, wananenepa, wanagombana. Sumukuvu huwahi watoto, hilo nimelifundisha mara ngapi? Kama ni mtama wangu uliomuua mama, mbona haukuwagusa wao? Basi si mtama. Ni ini la uzee. Ni mapenzi ya Mungu. Nilijiambia hivyo kutwa, na kila asubuhi nikawa nawaita watoto dirishani nawavuta kope chini nawatazama macho. Yule mdogo akaniuliza, "Mama, unatafuta nini humo?" Nikamwambia vumbi.

Huyo huyo mdogo alikataa uji. Nilinunua unga wa mtama mzuri sokoni, nikamkorogea, akaonja akasukuma kikombe. "Huu hauna moshi," akasema. Nikapiga meza. Nikamwambia moshi si chakula, anywe aende shule, mimi sina nafasi ya mapepe. Akanywa huku machozi yanamtoka. Mungu alinisemesha kwa kinywa cha mtoto na mimi nikampigia meza.

Na wakati wote huo ile mifuko mingine ilikuwa ng'ambo, katika nyumba kumi na moja, na kiangazi kinazidi. Nilijua kila siku ninayonyamaza inaweza kuwa siku ya mtu kuchota. Nikimwona mtu wa kijijini kwetu stendi namkwepa, nikiogopa ataniambia fulani anaumwa tumbo. Msimamizi wetu, mama mmoja wa bara mwenye roho safi, aliniuliza kama nahitaji likizo zaidi ya msiba. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale. Nikasema, "Nashukuru, niko sawa." Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi kifo kilikuwa kimeshaniumbua na bado naficha.

Wiki ya tatu mlio ulikuja mchana. Niko ofisini peke yangu, napepeta sampuli za mawele, na kutoka kwenye droo, tak. Nakubali kwamba mbao hulia. Nakubali kila kitu. Lakini niliinuka nikafungua droo, nikatoa bahasha, nikasaga, nikachanganya na maji ya dawa, nikachovya kile kijikaratasi cha kupimia. Kinasomwa hivi: mistari miwili, nafaka ni salama. Mstari mmoja, ni hatari. Nikakaa nikikitazama. Mstari wa kwanza ulikuja haraka. Wa pili nikaungoja kama ninavyoungoja ule mlio wa tatu, muda ukapita, ukapita tena, na pale ulipotakiwa kuwa pakabaki peupe.

Sikulia. Nilimwandikia msimamizi kila kitu kwenye karatasi mbili, nikaziacha mezani kwake pamoja na kijikaratasi chenyewe, nikatoka nikatafuta bodaboda. Njiani mwenye bodaboda aliniuliza kama nawahi msiba. Nikamwambia nimeuchelewa.

Nilianza kwa shangazi yangu, dada yake baba, kwa sababu nyumba yake ndiyo ya kwanza ukitoka kwenye mtumbwi, na kwa sababu ndiye ninayemwogopa zaidi. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka anamenya mihogo. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda. Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaomba chai, na nikinywa chai nitaanza kuzungumzia mvua.

"Shangazi," nilisema, "mtama niliowafungia ni mbovu. Wa mama, na wako, na wa wote. Nilipima wa juu tu. Mama aliniambia bado, nikamcheka mbele za watu. Ndio uliomuua."

Shangazi alimaliza kumenya muhogo aliokuwa nao mkononi. Akautupa kwenye beseni la maji.

"Umechelewa," akasema. Nikadhani ananiambia wamekwisha kula. Akaona uso wangu, akaongeza, "Lakini umekuja. Alisema utakuja."

Akaingia ndani, akarudi akiburuta mfuko. Ulikuwa umejaa. Kamba ni yangu, namba ni ya mkono wangu, fundo halijaguswa.

"Alipita nyumba zote," shangazi alisema. "Kwa miguu, na tumbo limeshaanza kumjaa. Hakutuambia umeoza, alikuwa mjanja. Alisema, binti yangu hajamaliza kazi yake, msifungue mpaka aje afungue mwenyewe. Kila nyumba maneno hayo hayo. Tukangoja."

"Mmekula nini miezi yote hii?"

"Mihogo. Ndizi. Na tumekutukana kidogo, usiseme hatukula kitu."

Nikataka kucheka, kikatoka kitu kingine. Nikamuuliza, "Kama alijua, shangazi, kwa nini yeye aliula? Si angeutupa!"

"Autupe wapi? Mwaka wa mafuriko mtu amwage gunia la mtama, kijiji kizima hakitauliza sababu? Na sababu ni nani?" Alinitazama mpaka nikainamisha macho. "Wa kwenye uchaga, ule wa moshi, haukuwatosha watatu. Akawapikia watoto wako. Huu wako akawa anapika kando, ile sufuria ndogo ya mpini uliovunjika. Anaosha mara tatu, analoweka, anaanika, anasaga. Nilimkuta siku moja anaula, amekunja uso kwa uchungu wa ladha yake. Nikamwambia, wifi, acha hicho kitu. Mtoto wako mwenyewe alitufundisha barazani, tena ulikuwa umekaa mbele, kwamba sumu hii haioshwi."

"Akasemaje?"

Shangazi alichukua muhogo mwingine, akaushika bila kuumenya.

"Akasema, 'Labda na hilo amekosea.'"

Nilikaa chini, si kwenye kigoda, chini. Nililia kwa mara ya kwanza tangu azikwe, na shangazi hakunibembeleza. Aliniacha mpaka nikamaliza. Kisha akaleta kisu, akakata kamba yangu, akaufungua mfuko mdomo akausogeza mbele yangu. Harufu ikatoka, ile ile.

"Haya," akasema. "Uma."

Niliingiza mkono. Nikatoa ya juu. Nikatoa ya katikati. Ya chini niliifuata mpaka mfuko ukanifika begani. Nikaziuma moja moja, jino la nyuma, na zote zikabonyea kimya. Nikatema mchangani.

"Inasemaje?"

"Bado," nikasema.

Shangazi alinipa kikombe cha maji nikasukutua, akajitupia leso begani, akaufunga mlango kwa kijiti.

"Twende nyumba ya pili," alisema. "Na tukifika, usiwaambie mfuko ulikosea. Waambie ni wewe."

Zilikuwa zimebaki nyumba kumi.